Mashindano makubwa ya kupiga makasia ukumbini kwa anayeanza: mbio nyota 5, maelezo kwa wageni nyota 2

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote: kama unavuta mashine ya makasia jimu na unajiuliza kama mashindano makubwa ya ukumbini yanakufaa na we bado mgeni, nenda. Jiandikishe, lipa ada, nenda. Mbio zenyewe nazipa nyota 5, mashine 5, watu utakaokutana nao 5, ila maelezo anayopewa mtu anayekuja mara ya kwanza nayapa 2, na hilo ndo kubwa ninalotaka kuliongelea hapa maana linaudhi, jambo zuri kiasi hiki linaharibiwa na vitu vidogo ambavyo mtu angeelezwa kwa dakika tano tu.

Kwa wasiowahi kuona, picha ni hii: ukumbi mkubwa, mashine zimepangwa safu ndefu, zote zimeungwa kwa nyaya kwenye kompyuta moja, na mbele kuna skrini kubwa ambayo kila mashine ina kiboti chake. Ukivuta kwa nguvu kiboti chako kinasogea, ukilegea kinaachwa, na ukumbi mzima unaona. Mbio kuu ni mita 2000, umbali uleule wa mbio za boti za Olimpiki, halafu kuna za mita 500, kuna za dakika moja, kuna na za kupokezana kwa timu. Mchezo wenyewe una historia, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Boston, Marekani, wapiga makasia wakongwe wa timu ya taifa walianza kushindana kwenye mashine msimu wa baridi kali, wakayapa mashindano yao jina la CRASH-B, ikaanza kama kitu cha marafiki ikakua mpaka ikavuta watu wa nchi nyingi, na mwaka 2018 shirikisho la dunia la makasia nalo likaanzisha ubingwa wake wa dunia wa ukumbini. Kwa hiyo usiende ukidhani ni bonanza la jimu, ni mchezo kamili wenye rekodi zake na wakongwe wake na sheria zake.

Sasa mashine. Karibu mashindano yote makubwa yanatumia mashine za Concept2, kampuni ya Vermont, Marekani, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, ambao mashine yao ya kwanza ilitoka 1981. Na kwa mgeni hii ni habari njema mno, kwa sababu inawezekana kabisa mashine uliyozoea jimu ndo ileile utakayoikuta ukumbini, cheni ileile, siti ileile inayoteleza kwenye reli, feni ileile mbele. Bingwa wa dunia hana mashine spesho. Anakaa kwenye ileile, pengine wewe ndo ulikuwa umeikalia nusu saa kabla yake. Sijui mchezo mwingine wenye usawa wa namna hii, mi nimeupenda kwa hilo tu.

Na kinachoifanya iwe ya haki ni kwamba mashine inapima kazi ya feni. Ile feni kila ukivuta inazunguka inasukuma hewa, ukiachia inapungua kasi, na kompyuta ndogo ya mbele inaangalia feni inapungua kasi kwa haraka kiasi gani, hapo inajua hewa inakaba kiasi gani, inapiga hesabu ya nguvu uliyoweka. Hiyo namba ya ukabaji wanaiita drag fakta. Ile leva ya pembeni ya feni yenye namba 1 hadi 10 wageni wengi wanadhani ni kama kuongeza uzito, kwamba 10 ndo ya wanaume wa kweli, na hapa jamani nisikilizeni vizuri: leva inafungua au kufunga njia ya hewa kuingia kwenye feni, basi. Ifananishe na gia za baiskeli. Ukiweka 10 kila mvuto unakuwa mzito na wa polepole, mgongo na mapaja yanachoka mapema, na kompyuta haikupi zawadi yoyote kwa hilo maana tayari imeshapigia hesabu. Wavutaji wengi wazuri wanakaa kwenye drag fakta ya 110 hadi 140 hivi, ambayo kwa mashine safi leva inakuwa kwenye 3, 4, au 5. Nimesema mashine safi makusudi, maana vumbi likijaa kwenye wavu wa feni hewa inapita kwa shida na namba inashuka, kwa hiyo 4 ya mashine hii siyo 4 ya mashine ile. Unachotakiwa kufanya ukikaa ni kuingia kwenye menyu, kuchagua ionyeshe drag fakta, unavuta mara chache, unaisoma, unarekebisha leva mpaka upate namba yako uliyoizoea. Kazi ya nusu dakika.

Je kuna mtu wa mashindano aliyetuambia hayo? Hamna. Barua ya kuthibitisha usajili ilikuwa na ramani ya maegesho, ratiba, namba yangu, na tangazo la fulana. Kuhusu leva, kuhusu mwendo wa kuanza, kuhusu muda wa kupasha misuli, hakuna hata mstari mmoja. Mi nilikuwa najua kwa sababu kocha wa jimu alinipigia kelele sana kuhusu hiyo namba kabla, lakini kwenye chumba cha kupasha nilikuta watu kibao wageni kama mimi leva zimekaa 10, wanavuta nusu mivuto kwa mikono, na wahudumu wanapita tu na redio zao mkononi. Hao watu walilipa ada sawa na wengine.

Usajili wenyewe ulikuwa rahisi, sina neno. Unachagua mbio, unachagua kategoria ya umri, unaweka taimu unayotegemea kumaliza ili wakupange na watu wa saizi yako. Hiyo taimu muwe wakweli kuiandika, maana ndo inayoamua utakaa raundi ya akina nani, ukijipendelea utajikuta peke yako nyuma na vile viboti vingine vyote viko mbali. Kategoria za umri ni nyingi ajabu, kuanzia watoto wa shule mpaka wazee wa miaka 80 na kuendelea, na kuna kategoria za wenye ulemavu zenye mpangilio wake, kwa mfano siti isiyoteleza kwa anayetumia mikono na mabega tu. Halafu kuna swali la uzito: wepesi na wazito. Kwa mashindano ya ukumbini mwanaume mwepesi haruhusiwi kuzidi kilo 75 na mwanamke kilo 61.5, na unapimwa siku hiyohiyo kabla ya mbio zako. Ushauri wangu kwa mgeni aliye karibu na mpaka ni kuachana nayo. Niliona watu kwenye foleni ya mizani wamevaa majaketi wanakimbiakimbia watoke jasho, hawajanywa maji, wengine midomo imekauka kabisa, na saa chache baadaye mtu huyohuyo anatakiwa avute mita 2000 kwa nguvu zake zote. Kwa mashindano ya kwanza hiyo haina maana yoyote, ingia kwenye wazito, kula, kunywa maji, vuta.

Nije kwenye namba, maana mchezo huu ni wa namba na mgeni asipozielewa atateseka bure. Kwenye skrini yako kuna muda mmoja mkubwa, huo ni muda ambao ungetumia kwa mita 500 kama ungeendelea na mwendo ulionao sasa hivi. Wanaiita spliti. Ukishika 2:00 mpaka mwisho utamaliza mita 2000 kwa dakika 8 kamili. Ukishika 2:10 utamaliza kwa 8:40. Inaonekana tofauti ndogo, sekunde kumi tu si ndio, lakini nguvu haipandi hivyo. Nguvu inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo 2:10 ni kama wati 159, 2:00 ni kama wati 203, na 1:45 tayari ni wati 302. Yaani kutoka 2:10 kwenda 2:00 unatakiwa uongeze zaidi ya robo ya nguvu zako zote. Sasa mchukue Josh Dunkley-Smith wa Australia ambaye mwaka 2018 alivuta mita 2000 kwa 5:35.8, spliti yake ni kama 1:24, hizo ni karibu wati 590 kwa dakika tano na nusu mfululizo, au Brooke Mooney wa Marekani aliyevuta 6:21.1 mwaka 2021. Nilijua hizo taimu muda mrefu, lakini mpaka ukae kwenye mashine ileile ujaribu kushika 1:24 kwa mivuto mitatu tu ndo unaelewa hao watu wametengenezwa na nini.

Hesabu hiyo ndo inayokupa mpango wa mbio. Kwa kuwa kuongeza kasi kidogo kunakula nguvu nyingi, mtu anayeanza kwa fujo halafu akalegea anatumia nguvu nyingi zaidi kuliko anayeshika mwendo mmoja, wakati taimu yao inaweza kuwa sawa au yake ikawa mbaya. Mi nilipanga 2:10 kwa robo tatu za mbio halafu kinachobaki nikitoe mwishoni. Nitarudi hapo.

Siku yenyewe. Kitu cha kwanza kinachokupiga ni sauti. Mashine moja jimu inavuma kawaida, lakini safu nzima ikivutwa kwa pamoja na ukumbi umefungwa ule mvumo unausikia kifuani, unapanda unashuka, unapanda unashuka, na juu yake mtangazaji anaita majina na watu wanapiga kelele za kuhamasisha ndugu zao. Hewa ni kavu na ya moto. Chupa ya maji usiiache kwenye begi, na taulo dogo ubebe, maana jasho la viganja linafanya mshikio uteleze. Kwa hilo nawasifu waandaaji: kati ya raundi na raundi kulikuwa na vijana wa kujitolea wanapita na vitambaa, mmoja anafuta mshikio, mwingine anafuta reli ya siti, wa tatu anarudisha mkono wa skrini juu mahali pake na kulegeza mikanda ya miguu, haraka haraka bila kusukumana, mashine inakuwa tayari kabla mtu hajafika. Kazi safi kabisa.

Chumba cha kupasha nacho kilikuwa na mashine za kutosha, ila saa ndo tatizo. Hakuna aliyesema tupashe lini. Ukweli ni kwamba mbio za dakika nane zinahitaji mwili ambao umeshachemka, mapafu na moyo vishaamka, kwa hiyo unavuta taratibu kama robo saa hivi, katikati unaweka mivuto kumi kumi ya mwendo wa mbio mara chache, halafu unaacha muda kidogo wa kupumua kabla ya kuitwa. Ukimaliza kupasha mapema sana unapoa, ukichelewa unaingia ukiwa umechoka. Ratiba ilisema tukusanyike kwenye eneo la kuitiwa mapema, na tulikaa pale kwenye viti tunapoa, kila mtu anatikisa miguu, hakuna hata mashine moja ya kukusogezea damu. Wazoefu walikuwa wanajua, walikuja dakika za mwisho wakiwa bado wanatoka jasho. Sisi wageni tulitii ratiba.

Hapo kwenye viti ndo nilikaa na mama mmoja mtu mzima, kategoria ya wazee, raundi yetu ilikuwa imechanganya umri. Alikuwa na begi dogo, ndani taulo, chupa, na kikaratasi kimeandikwa spliti zake nne kwa kalamu nene. Akaniuliza mara yangu ya ngapi, nikamwambia ndo ya kwanza mama. Akasema, "Basi mwanangu, ile skrini kubwa usiiangalie mpaka zibaki mita 500. Angalia yako tu." Nikamshukuru. Tulipoingia akakaa mashine ya pembeni yangu, nikawa namwangalia anavyojipanga: kwanza akasogeza kile kibao cha miguu mpaka mkanda ukapita pale pana pa mguu chini ya vidole, akaufunga, akafungua akaufunga tena. Akaweka leva 3, akavuta mara nne tano, akasoma, akapandisha kidogo, akavuta tena, akaitikia kwa kichwa. Akafuta viganja. Hajaongea na mtu. Nikafanya vilevile kila kitu, kwa mpangilio uleule, na kusema kweli dakika hizo mbili za kumwangalia zilinifundisha kuliko chochote kilichotumwa na waandaaji.

Kuanza kwenyewe: skrini yako inakwambia ukae tayari, halafu inakwambia umakini, halafu inaandika uvute, na mara nyingi mwamuzi anayasema hayo kwenye spika. Kati ya umakini na kuvuta muda haujulikani, unabadilika, na feni lazima iwe imetulia, ukivuta kabla mfumo unakuona na raundi nzima inarudishwa. Kaa umejikunja mbele, mikono imenyooka, magoti yamekunjwa, macho kwenye skrini. Mivuto ya kwanza miwili mitatu ni mifupi ili feni ipate mwendo, nusu, robo tatu, halafu kamili.

Na hapa kuna kitu cha mwili ambacho kila mgeni akijue. Sekunde kumi za mwanzo misuli inatumia akiba iliyoko tayari ndani yake, haihitaji hewa, haiumi, kwa hiyo unavuta unaona 1:45 na unajisikia mwepesi kabisa unadhani leo ni siku yako. Siyo wewe, ni akiba. Inaisha. Kijana wa kushoto kwangu aliondoka kwa moto, mvumo wa feni yake nilikuwa nausikia umepanda juu ya wengine wote, na kufika mita 800 hivi ule mvumo ukaanza kushuka na kila mvuto wake ukawa na kituo katikati, anavuta, anasimama, anavuta. Nilimhurumia, maana ana mwili mzuri na mbinu nzuri, kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ashuke mpaka kwenye mwendo wake kabla ya sekunde ya ishirini. Mi mwenzangu alikuwa amekaa nyuma yangu, mashindano yanaruhusu mtu wako akae pale akusemeshe, na kazi niliyompa ilikuwa moja tu: nikienda kwa kasi kuliko 2:08 mwanzoni aseme "tulia". Alisema sana.

Robo ya kwanza nikatoka na 2:10, ya pili 2:11. Unapovuta kumbuka mpangilio, miguu inasukuma kwanza, mgongo unafunguka, mikono inamalizia, na kurudi ni kinyume chake, mikono inatoka, mgongo unainama, magoti yanakunjika mwisho. Uchovu ukija mtu anaanza kuvuta kwa mikono mapema na miguu inapoteza kazi, wakati miguu ndo injini. Mi nilikuwa navuta mara 26 hivi kwa dakika. Wengine pembeni walikuwa wanapiga 34, siti zinakwenda na kurudi kama wamechanganyikiwa, lakini spliti zao hazikuwa bora, maana ukirudi mbele kwa haraka huvuni kitu, unachoka tu.

Robo ya tatu ndo penyewe. Kila mtu atakwambia na ni kweli. Kutoka mita 1000 kwenda 1500, mapaja yanawaka, koo limekauka, umbali uliobaki unaonekana haupungui, na hakuna hata mtu anayeshangilia sana maana wanasubiri mwisho. Hapo ndo nilipoelewa kwa nini watu wanasafiri kuja kufanya kitu ambacho wangeweza kufanya peke yao jimu. Peke yangu kwenye mazoezi, hapohapo mita 1200, nimewahi kuachia mshikio. Ukumbini mama yule pembeni yangu mvumo wake haukubadilika hata kidogo, uleule toka mwanzo, na mi nikaung'ang'ania, kila akivuta na mi navuta, nikawa sifikirii kingine chochote. Robo ikatoka 2:11 tena. Nakwambia jimu isingetoka hata 2:18.

Zilipobaki 500 nikanyanyua macho kwenye skrini kubwa. Kulikuwa na viboti vitatu mbele yangu karibukaribu, kimoja kinarudi nyuma kabisa, kile cha kijana wa kushoto. Nikaongeza. Robo ya mwisho ikatoka 2:06, jumla 8:38, sekunde mbili chini ya mpango. Mama alimaliza kabla yangu, hakuniambia kitu, alininyooshea mkono tukashikana akaendelea kupumua.

Baada ya hapo jiandae na kikohozi. Ni kikavu, kinakuja dakika chache baada ya mbio na kinaweza kukaa mpaka jioni, wavutaji wote wanakijua, ni njia za hewa zimekaushwa na kupumua kwa nguvu kwenye hewa kavu, kwa wengi kinaisha chenyewe (mwenye pumu au tatizo la moyo aongee na daktari kabla hata ya kujiandikisha, hilo msilifanyie mchezo). Na usikae chini. Unatamani sana, lakini ukikaa ghafla damu inabaki miguuni unaona kizunguzungu, tembea, au vuta taratibu dakika kumi. Na hapa narudi kwenye lawama, maana tulipomaliza tuliambiwa tuondoke haraka raundi inayofuata iingie, sawa, naelewa, lakini chumba cha kupasha kilikuwa kimeshajaa wanaosubiri na hapakuwa na mashine hata chache za kutulizia mwili. Watu walijilaza kwenye korido kando ya ukuta, wengine wanatapika kwenye ndoo, na wanaopita na mabegi wanaruka miguu yao. Kwa mashindano ya ukubwa ule hiyo haikubaliki. Kijana wangu wa kushoto alikuwa amejikunyata pale peke yake na hakuna mhudumu aliyemsogelea mpaka mwenzangu akampelekea maji.

Matokeo yalikuwa mtandaoni kabla sijafika mlangoni, na spliti zangu zote nne, na nafasi yangu kwenye kategoria, hapo sina cha kulalamika.

Nani aende basi? Kama unaweza kuvuta mita 2000 mfululizo bila kusimama, hata kwa dakika kumi na moja, uko tayari, usisubiri uwe mzuri. Raundi yetu ilikuwa na watu wa dakika tisa na kumi na hakuna aliyewacheka, kinyume chake waliochelewa ndo walishangiliwa zaidi maana ukumbi mzima ulikuwa umebaki nao. Kama 2000 inakutisha ingia mita 500, lakini usidhani ni nyepesi, ni fupi tu, na mbinu ya kuanza inakuwa muhimu mara mbili. Viatu vaa vya soli nyembamba na ngumu, vile vya kukimbilia vyenye soli laini vinameza nguvu ya miguu. Tafuta mtu wa kukaa nyuma yako, na umpe neno moja la kusema, siyo hotuba. Mazoezini ukae kwenye mwendo wa taratibu muda mwingi, dakika 30, dakika 40, halafu mara moja moja ndo uvute vipande vya mita 500 kwa mwendo wa mbio, maana mbio za dakika nane kwa sehemu kubwa zinaendeshwa na pumzi na pumzi haijengwi kwa kujiua kila siku.

Na kwa waandaaji, wa mashindano haya na mengine yote makubwa: wekeni mashine mbili kwenye kona ya chumba cha kupasha, bango limeandikwa wageni, na mtu mmoja anayejua kazi. Amwonyeshe mtu drag fakta, amfungie mkanda wa miguu panapotakiwa, amwambie saa ya kuanza kupasha, amuulize spliti aliyoipanga. Na kwenye ile barua ya usajili, palipo na tangazo la fulana, wekeni hayo hayo kwa aya moja. Mnao wazoefu kibao humo ukumbini ambao wangeifanya bure, mmoja alikuwa amekaa pembeni yangu.